Insha ya Video: Asili Yake na Amana Yake

Ndugu msomaji, kuna mwalimu mgeni ameingia majumbani mwetu bila ya kubisha hodi. Si mwalimu wa chuoni wala wa skuli. Uso wake mara nyingi hauonekani. Husikika sauti yake tu, nayo yaeleza jambo kwa dakika 15 au kwa saa nzima, huku ramani, magofu, picha za kale na vipande vya sinema vikipita mbele ya macho. Akimaliza, mtoto aliyekuwa ameinamia simu hunyanyua kichwa akasema: "Kumbe mambo yalikuwa hivi!" Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu. Kwani mtoto huyo hakuuliza ni nani aliyesema, wala ameyatoa wapi.

Kitu hicho huitwa insha ya video, na mahali pake ni intaneti. Vijana wetu sasa hawatosheki na kuitazama. Wataka kujifunza kuitengeneza. Wazazi nao huuliza: je, hii ni elimu au ni mchezo wa simu? Jawabu yetu ni kwamba huu ni uandishi, na una historia ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Anayeanza kujifunza kwa kununua kamera ameanzia mkiani. Yafaa aanze na historia ya fani yenyewe, maana khatari zake zote, na dawa za khatari hizo, zimo humo.

Kujenga na kujaribu

Neno insha tumelipata kwa Kiarabu, na asili yake ni kuanzisha kitu, kukijenga au kukitunga. Wazungu wamelipata neno lao kwa Mfaransa Michel de Montaigne, aliyechapisha kitabu chake kiitwacho Essais mwaka 1580. Na kwa Kifaransa neno hilo lina maana ya majaribio. Montaigne alikuwa akilishika jambo moja akalipima kwa akili yake mbele ya msomaji, bila ya kujifanya kuwa amelimaliza.

Basi yaweke pamoja maneno haya mawili. Mtunzi wa insha hujenga hoja yake jiwe juu ya jiwe, na papo hapo huijaribu kama itasimama. Anayejenga bila ya kujaribu hutoa tangazo la biashara. Anayejaribu bila ya kujenga hutoa porojo.

Picha ni bubu

Baada ya mapinduzi ya Urusi ya 1917, mwalimu wa sinema aitwaye Lev Kuleshov alifanya jaribio ambalo hadi leo hufundishwa. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji mmoja, uso mtulivu usio na furaha wala huzuni. Akauunganisha na bakuli la supu, kisha na maiti ndani ya jeneza, kisha na mwanamke. Yasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji: tazama alivyoona njaa, tazama alivyohuzunika, tazama alivyopenda! Na uso ulikuwa ule ule mmoja. Mwaka 1940 Mjerumani Hans Richter aliandika makala juu ya aina mpya ya filamu, isiyosimulia kisa bali inayoeleza fikra, akaiita filamu ya insha.

Lakini aliyelidhihirisha jambo hili zaidi ni Mfaransa Chris Marker katika filamu yake ya mwaka 1957, Lettre de Sibérie, yaani Barua ya Siberia. Katika filamu hiyo twaonyeshwa mji wa Yakutsk. Basi lapita barabarani, na gari la fahari. Wafanyakazi wasawazisha barabara. Mtu mmoja apita akaitupia kamera jicho. Marker aonyesha picha hizo mara tatu, bila ya kubadilisha hata moja, ila kila mara abadilisha maneno yake. Mara ya kwanza asema kama mpenzi wa serikali ya Kisovieti: mji unaendelea, wafanyakazi wana furaha. Mara ya pili asema kama adui yake: mji una giza, na wafanyakazi wanatumikishwa kama watumwa. Mara ya tatu asema maneno ya kati na kati. Kisha atuambia kwamba hata hayo ya kati na kati hayatoshi kuwa ukweli wote.

Mhakiki André Bazin aliiandikia filamu hiyo mwaka 1958, muda mchache kabla ya kufa kwake, akaiita insha. Alieleza kwamba katika sinema nyingine picha huunganishwa na picha, lakini hapa kiungo chatoka sikioni kwenda jichoni. Tukiyafahamu maneno hayo tumeifahamu khatari ya fani nzima. Wengi wetu husema, "Nimeona kwa macho yangu." La! Umeona basi na barabara. Hayo mengine umeyasikia, na aliyekusikizisha ana jina, ana mapenzi yake na chuki zake. Picha ni shahidi bubu, na sauti ndiyo mkalimani wake. Mkalimani akiwa si mwaminifu, shahidi hana njia ya kumkanusha.

Baba na mwana wa Mombasa

Kutoka sinema, insha iliingia katika televisheni. Mwaka 1969 shirika la BBC la Uingereza lilimpa Kenneth Clark sehemu 13 aeleze ustaarabu wa Ulaya. Mwaka 1972 shirika hilo hilo likampa John Berger sehemu 4. Berger alianza kwa kushika kisu akakata uso wa mwanamke katika nakala ya mchoro wa kale. Alitaka tuone kwamba kipande kikitengwa na picha yake, maana yake hubadilika. Na mwisho wa sehemu ya kwanza aliwaambia watazamaji wayapime aliyoyapanga, lakini wamtilie shaka hata yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo adabu ya mtu anayejua nguvu ya chombo alichokishika.

Nasi watu wa pwani tuna sehemu yetu katika historia hii, wala si ndogo. Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianzisha Mombasa gazeti la Al-Islah, akawazindua watu kwa makala fupi fupi zenye hoja. Mwaka uliofuata alizaliwa mwanawe, Ali. Baba alifariki 1947, mwana akiwa na miaka 14. Mwana huyo ndiye Profesa Ali Mazrui, ambaye mwaka 1986 alitoa sehemu 9 za televisheni ziitwazo The Africans: A Triple Heritage, zilizotengenezwa kwa shirika baina ya BBC na kituo cha WETA cha Washington. Hoja yake ilikuwa moja: Afrika imerithi pande tatu, yaani mila zake za asili, Uislamu na ya Magharibi, na urithi huo hupatana mahali pengine, na pengine hugombana. Baba aliandika insha kwa wino. Mwana akaziandika kwa kamera.

Haikupita kimya. Mfuko wa serikali ya Marekani wa elimu za kibinadamu ulikuwa umechangia dola 600,000. Mwenyekiti wake, Lynne Cheney, alipoiona kazi hiyo alisema kwamba yaushambulia upande wa Magharibi na haina mizani, akataka jina la mfuko liondolewe katika orodha ya waliosaidia. Watetezi wa Mazrui walijibu kwamba tangu mwanzo ilijulikana kuwa hayo ni maelezo ya mtu mmoja kwa sauti yake. Mwenye kujifunza fani hii asichague upande upesi, kwani swali lao ni swali lake: mtu akisimama mbele ya kamera akatoa rai yake, awawie nini wale wasioafikiana naye? Sisi twaona kwamba kuwa na rai si kosa. Insha isiyo na rai si insha. Kosa ni kuivisha rai nguo za khabari. Mazrui alisimama mwenyewe mbele ya kamera, jina lake limeandikwa, hoja yake yajulikana. Aliyetaka kumjibu alijua wa kumjibu. Alifariki Marekani mwaka 2014, akarejeshwa Mombasa kuzikwa katika makaburi ya ukoo wao, karibu na Fort Jesus.

Mlango wafunguliwa kwa wote

Clark, Berger na Mazrui walikuwa na mashirika makubwa nyuma yao. Hali hiyo ilibadilika tarehe 23 Aprili 2005, ilipowekwa video ya kwanza katika YouTube. Ilikuwa na sekunde 19 tu, kijana amesimama mbele ya tembo. Mwaka uliofuata mpaka uliwekwa: video za watu wengi zisizidi dakika 10. Mwaka 2010 mpaka ukapandishwa hadi dakika 15, baadaye ukafunguliwa zaidi, na hapo pakapatikana nafasi ya hoja ndefu. Mwaka 2014 wataalamu wa sinema wakaanzisha jarida liitwalo [in]Transition, ambalo makala zake ni video, na kila video hupitiwa na wataalamu wengine.

Mwaka huo huo wa 2014 Tony Zhou na Taylor Ramos walianza chaneli iitwayo Every Frame a Painting, juu ya ufundi wa sinema. Kufikia 2016 walikuwa wametoa insha 28, kisha wakasimama, na mwaka 2017 wakaeleza kwa maandishi jinsi walivyokuwa wakifanya kazi. Walisema kwamba sura nyingi za video zao, hata urefu wa vipande walivyovitumia, zilitokana na kuepuka mtambo wa YouTube unaotambua mali ya watu wengine. Tena waliwausia wanafunzi waende maktaba wakasome vitabu, wasitosheke na yale yanayopatikana kwa kubonyeza tu. Kwani wote wakinywa kisima kimoja, wote watatoa maji yale yale.

Lakini mlango ukifunguliwa kwa wote, huingia mgeni na mwizi. Wahenga walisema: msema pweke hakosi. Mtengenezaji wa insha ya video ni msema pweke hasa. Yuko chumbani mwake, hana mhariri, hana wa kumwambia "hapa umekosea." Desemba 2023 Mwingereza Harry Brewis alitoa video ya karibu saa 4, akaweka ubavu kwa ubavu maneno ya watengenezaji kadhaa wa video na maneno ya vitabu na makala walikoyaiba. Watu waliokuwa wakisifiwa kwa elimu walionekana kuwa wasomaji tu wa kazi za wengine, na wenye kazi hawakutajwa. Maelfu na maelfu walikuwa wamewatazama bila ya kujua.

Kwanza, utafiti

Basi kijana afanyeje? Kazi ina hatua tatu, na ya kwanza ni utafiti. Wanachuoni wetu hawakuipokea khabari mpaka waulize: umeipata kwa nani, naye kwa nani, na mtu huyo ni wa kuaminika? Ibn Khaldun, katika Muqaddima yake ya mwaka 1377, aliongeza swali jingine: je, jambo lenyewe lawezekana? Aliwalaumu wanahistoria walionakili kwamba jeshi la Nabii Musa lilikuwa na watu 600,000 au zaidi, bila ya kujiuliza jeshi kama hilo lingejipangaje na kupigana katika ardhi ile.

Tuchukue mfano wa kwetu. Kijana ataka kutengeneza video juu ya swali hili: Washirazi wa Kilwa walikuja lini, nao ni nani? Ataikuta khabari ya kale kwa njia mbili. Moja imo katika kitabu cha Mreno João de Barros cha mwaka 1552. Ya pili ni ya Kiarabu, na nakala yake ilinakiliwa Unguja katika karne ya 19, sasa iko London. Njia hizo hazikubaliani katika kila jina. Mtafiti mvivu atachagua impendezayo. Mwaminifu ataziweka zote mbili mbele ya mtazamaji.

Kisha aende kwa wachimbaji. Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960, akaona kwamba utawala wa Washirazi ulianza mwisho wa karne ya 12. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, ilifukuliwa akiba ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu zilizotoka nje katika karne ya 10 na ya 11. Na miongoni mwa sarafu hizo mna zenye jina la Ali bin Al-Hasan. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba, yaani alama za urithi zilizomo mwilini, vya watu 80 waliozikwa katika miji ya pwani na mji mmoja wa bara, baina ya miaka 1250 na 1800. Ilionekana kwamba wengi wao walikuwa na asili ya Afrika, hasa kwa upande wa mama, na asili ya Asia, hasa ya Uajemi, kwa upande wa baba, na kwamba mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000.

Hapo ndipo uzito wa jambo unapoonekana. Kuna sauti zisemazo kwamba pwani hii yote ni kazi ya wageni, na kuna zisemazo kwamba khabari za babu zetu ni ngano tupu. Zote mbili zina picha nzuri za Kilwa, tena picha zile zile, kama basi la Yakutsk. Mtoto asiyejua sarafu wala chuo ataamini sauti iliyo tamu zaidi, na ataambiwa yeye ni nani na mtu asiyemjua.

Pili, kutunga

Zhou na Ramos walitoa mwaka 2015 insha fupi juu ya namna ya kupanga insha ya video, wakitumia mfano wa filamu ya Orson Welles ya 1973, F for Fake. Fundisho lake ni jepesi. Tazama kiungo kilichopo baina ya jambo na jambo. Ukiona ni "halafu", kisha tena "halafu", hoja yako imelala. Ukiona ni "lakini" au "kwa hiyo", hoja yatembea. Na ukiwa na visa viwili, kiache kimoja mahali pa hamu, umwambie mtazamaji, "kumbe huku nyuma", ukamchukue cha pili.

Ijaribu kanuni hiyo kwa Kilwa. Khabari ya kale yasema Washirazi walikuja zamani sana. Lakini Chittick hakuona dalili ya zamani hiyo. Lakini sarafu za Mtambwe zikatoka ardhini. Kwa hiyo wengi wakaurejesha mwanzo nyuma hadi karne ya 11. Lakini sarafu haisemi damu ya mtu. Kwa hiyo twahitaji ushahidi mwingine, na huo umekuja 2023. Hapo pana insha ya dakika 12, wala hapakuhitajiwa makelele wala kumtukana mtu.

Maneno yaandikwe yote kabla ya kurekodi, kisha yasomwe kwa sauti na saa iko mbele. Sentensi inayokukata pumzi ikatwe. Na kila sentensi iulizwe: hii ni khabari au ni rai yangu? Ikiwa ni rai, sema "naona".

Tatu, kutengeneza

Hatua hii ndiyo inayotamaniwa, nayo ndiyo ndogo. Simu ya kawaida yatosha kwa mwanzo. Sauti itangulizwe mbele ya picha, kwani mtazamaji huvumilia picha hafifu lakini hakai na sauti yenye mwangwi. Chagua chumba chenye mapazia na magodoro, zima feni, isogeze simu karibu na mdomo. Picha za kale zipo kwa anayetafuta: Chuo Kikuu cha Northwestern cha Marekani kimeweka wazi mkusanyo wa Winterton wenye picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, za tangu mwaka 1860 hadi 1960. Lakini soma maelezo ya kila picha. Picha ya Lamu isitumiwe kuwa Kilwa, wala ya 1920 kuwa ya karne iliyotangulia. Na siku hizi ambapo akili bandia yaweza kuchora mji wa kale kwa dakika moja, mchoro huo uandikwe juu yake kwamba ni mchoro. Asiyeandika hivyo ametia ushahidi wa uongo.

Andika katika video yenyewe jina la kila kitabu ulichokitumia na mwenye kila picha. Na kabla ya kuitoa, muonyeshe mtu mmoja ajuaye zaidi yako na mmoja asiyejua kitu. Wa kwanza atakuonyesha ulipokosea, wa pili atakuonyesha ulipojifumba. Ukifanya hivyo hukuwa tena msema pweke.

Enyi wazazi, msiwakataze vijana fani hii, wala msiwaachie peke yao. Katika nyumba zetu mna barua, mikataba, picha na wazee ambao Northwestern haina. Mfungulie mwanao kasha la bibi yake, umketishe na mzee mwenye khabari, naye arekodi sauti yake kwa idhini, aandike jina na tarehe. Nanyi vijana, mtakapopata watazamaji wengi, kumbukeni kwamba wengi wao hawatakwenda maktaba. Watayachukua maneno yenu kama mlivyoyatoa, wayarithishe watoto wao. Tangu uwambo za Al-Islah hadi simu iliyo mfukoni mwako, chombo kimebadilika mara nyingi; swali la msomaji mwenye akili ni lile lile, "umeyatoa wapi?" Jitayarishe kulijibu kabla hujabonyeza.

Wabillahi tawfiq.